Miezi sita ilisamehewa, siku nne zikaua kesi

Naandika hii faili lenyewe likiwa mezani kwangu, limefungwa kwa kamba, limenenepa kuliko mkate, na humo ndani hamna hata ukurasa mmoja wa uamuzi unaosema shamba ni la nani. Kesi imezunguka Baraza la Ardhi, ikapanda Mahakama Kuu, ikarudi Baraza, ikapanda tena Mahakama Kuu, na hakuna shahidi hata mmoja aliyewahi kusimama akaulizwa mpaka wa shamba uko wapi. Karatasi zote zinabishana kuhusu siku tu. Ulikuja lini, ulichelewa siku ngapi, hiyo Jumanne ulikuwa wapi.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Dodoma mjini. Sio wakili, nisijekuwa nimejipa cheo. Kazi yangu ni kupeleka nyaraka, kufuatilia tarehe, kukimbizana na kontroli namba, na kuhesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Mwenye kesi ni bibi mmoja mjane wa Hombolo, jina naliacha na vitu vingine vya kumtambulisha nimevigeuza kidogo, ila mtiririko wa siku sijaugusa kwa sababu kisa chote kiko hapo.

Chanzo chake ni kile kile cha kila siku. Mume kafariki kaacha heka tatu za zabibu upande wa kule bwawani, msiba haujapoa shemeji mtu kauza heka moja na nusu kwa mtu wa mjini, mtu wa mjini kazungushia seng'enge na kuchomeka mizabibu mipya. Bibi akaanzia Baraza la Kata kama inavyotakiwa, maana tangu sheria irekebishwe 2021 Baraza la Kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa linakupa karatasi ya kuthibitisha limeshindwa ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Akasuluhishwa, ikashindikana, akapewa karatasi, akafungua shauri. Mpaka hapo bibi alikuwa amefanya kila kitu sawa, na kwa mtu ambaye hajasoma hiyo sio kazi ndogo.

Tarehe ya kusikilizwa ikapangwa mwisho mwisho wa mwezi wa pili. Mtu wa Dodoma ukimwambia mwisho wa mwezi wa pili anajua kinachoendelea mashambani, zabibu zinavunwa, na zabibu sio mahindi kwamba utayaacha yasubiri, wanunuzi wanakuja alfajiri na makreti yao na wakikuta hujakata wanaenda kwa jirani. Bibi aliamka saa 9 usiku akakata akiwa na tochi ya simu, akawapimia watu, akanawa, akapanda haisi ya saa 12 asubuhi. Ni kilomita 40 hivi tu. Njiani tairi ikapasuka na ya akiba ikawa haina upepo, wakakaa pale mpaka ikapita gari nyingine.

Saa 3 na nusu karani wa Baraza alitoka mlangoni akaita jina mara tatu. Yule mtu wa mjini alikuwa ndani keshakaa. Bibi aliingia geti saa 4 na dakika 10, bado ana utomvu wa zabibu kwenye vidole, akaambiwa pale pale koridoni, mama kesi yako imefutwa. Hapa kuna kitu alinisimulia mwenyewe na mpaka leo nikikumbuka nacheka halafu nashindwa kuendelea kucheka. Alipoambiwa imefutwa, alidhani ni yule bwana ndo amefutwa. Akauliza, "kwa hiyo yeye wamemfuta?" Kwake kufuta ni kama mwalimu anavyofuta ubao, kitu kimeondolewa, kwa hiyo seng'enge nayo itaondolewa. Alipanda haisi ya kurudi akijua ameshinda. Kijana wake, dereva bodaboda wa Nkuhungu, ndo alikuja kumwelewesha jioni kwa simu.

Sasa tuangalie hiyo amri yenyewe maana wengi wanalaumu Baraza haraka haraka. Kanuni za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba za Wilaya, Tangazo la Serikali namba 174 la 2003, kanuni ya 11, zinasema mleta maombi asipotokea bila sababu ya msingi na tarehe alikuwa anaijua, shauri lifutwe kwa kutohudhuria. Mwenyekiti alisubiri, akaita, mtu hayupo, meseji hamna, akafuta. Mi simlaumu, angejuaje habari za tairi. Na kanuni hiyo hiyo ya 11, kipengele cha pili, inakupa mlango wa kurudi, kwamba ndani ya siku 30 unaenda Baraza lile lile, unaomba amri iondolewe, unaeleza kwa kiapo kilichokuchelewesha. Bibi angeenda kesho yake na karatasi mbili, kiapo chake na kiapo cha dereva wa haisi, mi naamini shauri lingerudishwa mapema tu. Sababu ilikuwa nzuri, tena yenye shahidi.

Ila kijana alikuwa amesikia kijiweni kwamba "Baraza likikukata una siku 45 za kwenda Mahakama Kuu". Ni kweli. Ukiwa umeshindwa Baraza la Wilaya, rufaa Mahakama Kuu ni siku 45. Sema hiyo ni rufaa ya mtu aliyesikilizwa akashindwa, mama yake hajasikilizwa, yeye njia yake ya kwanza ni kurudi pale pale, na akikataliwa ndo apande. Kijana alikuwa na sheria sahihi ya ugonjwa mwingine. Akamtafuta mtu wa kumwandikia, akachanga, siku ya 20 tangu shauri lifutwe rufaa ikaingia Mahakama Kuu. Alijisifu kabisa kwamba amewahi, siku 20 kati ya 45.

Mwezi wa tisa, tarehe 2, Jumatatu, baada ya pingamizi la awali la upande wa pili, yaani hoja ya kisheria kabla rufaa haijasikilizwa, Mahakama Kuu ikaiondoa rufaa. Naomba usome neno hilo vizuri, imeiondoa, haikuitupilia mbali, na haya maneno mtaani tunayachanganya kama chumvi na sukari. Tangu 1959 iliyokuwa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki kwenye shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo ilishatenganisha, kwamba rufaa isiyo halali mbele ya mahakama inaondolewa, na ile iliyokuwa halali ikaamuliwa ndo inatupiliwa mbali. Iliyoondolewa unaweza ukarudi kwa njia sahihi, kama muda upo. Iliyotupiliwa mbali umekwisha pale, labda upande juu. Na ukifungua kesi nje ya ukomo kabisa, yaani muda wa mwisho uliowekwa na sheria, Sheria ya Ukomo Sura ya 89 kifungu cha 3 inasema itupiliwe mbali, hata kama mwenzako hajasema kitu. Kwa hiyo bibi aliponea hapo, bado alikuwa na pumzi.

Pumzi ya siku ngapi? Wakili wetu aliichora kwenye gamba la faili na mi nikakubali anajua kazi. Siku 30 za kuomba kurudishiwa shauri, 20 zilishatumika kabla rufaa haijaingia. Sheria ya Ukomo kifungu cha 21 inaruhusu muda uliotumia kwa nia njema na kwa bidii kwenye mahakama isiyoweza kukusikiliza utolewe kwenye hesabu. Ukiitoa ile miezi sita, zinabaki siku 10 kuanzia tarehe 2, maana yake mwisho ni tarehe 12. Wapo wanaosema siku hizo zinajitoa zenyewe na wapo wanaosema hapana, lazima kwanza uombe kuongezewa muda uzieleze, ila vyovyote vile mtu aliyeondolewa tarehe 2 na akaingia Baraza tarehe 5 au 6 anaonekana ni mtu mwenye haraka. Kijana aliingia tarehe 18.

Na hapa ndo naomba tukae kidogo, maana kesi ilifia kwenye siku hizi kumi na sita.

Tarehe 3 aliandika barua kuomba nakala ya uamuzi wa Mahakama Kuu, barua ikagongwa muhuri wa kupokelewa, safi. Tarehe 9 akaenda kufuatilia, akaambiwa arudi Ijumaa. Ijumaa tarehe 13 akaipata, na nyuma ya ukurasa wa mwisho, upande wa mgongoni, kuna muhuri wenye tarehe 13 na saini. Jumamosi tarehe 14 ilikuwa mnada wa Msalato, akapeleka mbuzi wawili wa mama yake akauza, Jumatatu tarehe 16 akaenda stesheneri kuandikiwa kiapo, Jumanne akaapa mbele ya kamishna wa viapo, Jumatano akafungua maombi ya kuongezewa muda. Ukiisikia hivo haina shida, kila siku ina kazi yake.

Sasa kiapo kilichoandikwa stesheneri aya ya 6 kinasema hivi, nimekikodolea macho mara nyingi mpaka nimekikariri, "kwamba tarehe 9 nilipata nakala ya uamuzi". Nilipata. Kijana anasema alimwambia mwandishi "tarehe 9 nilifuatilia nakala", dada wa watu ana foleni ya watu sita na umeme unakatika katika, kaandika nilipata, kijana kasaini bila kusoma kwa sababu alikuwa anawahi abiria. Kitenzi kimoja tu. Kuanzia hapo kwa mujibu wa kiapo chake mwenyewe, nakala alikuwa nayo tarehe 9, mbuzi wakauzwa tarehe 14, na katikati kuna tarehe 10, 11, 12 na 13 ambazo hakuna anayejua alikuwa anafanya nini.

Bado muhuri ungeweza kumwokoa. Nakala iliambatanishwa kwenye kiapo, lakini fotokopi ilitolewa upande mmoja, kurasa zenye maandishi tu. Mgongo wa ukurasa wa mwisho hauna maandishi, una muhuri tu, kwa hiyo mtoa kopi aliuona kama karatasi tupu. Nimewahi kufanya hivo hivo mwenyewe mwanzoni mwa kazi, sina cha kumcheka.

Na kulikuwa na nafasi ya tatu, hii ndo inaniuma kuliko zote. Upande wa pili walileta kiapo kinzani, yaani majibu yao kwa kiapo chake, na aya mojawapo ilisema wazi, mwombaji hajaeleza siku nne kati ya tarehe 9 na 14. Yaani adui alikuonyesha tundu kwa kidole kabla ya kusikilizwa! Kijana alikipokea, akakikunja, akakiweka chini ya siti ya pikipiki, kwa akili yake kiapo kinzani ni mtu anakataa tu na kukataa kwake alikutegemea. Angekisoma angeomba ruhusa ya kuleta kiapo cha nyongeza, kuambatanisha ule mgongo wenye muhuri, na kusahihisha neno. Hakukisoma. Maombi yakasikilizwa hivo hivo.

Uamuzi wa Baraza kwenye maombi ya kuongezewa muda una kurasa saba na umeandikwa kwa Kiswahili kizuri tu. Mwenyekiti alianza na miezi sita ya Mahakama Kuu, na mi nilipokuwa nausoma mara ya kwanza nilidhani hapo ndo atamkata, kumbe wala. Alisema huo ni ucheleweshaji wa kiufundi, mtu hakulala, alikuwa mahakamani anahangaika ila mlango sio, na akataja uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Fortunatus Masha dhidi ya William Shija la 1997 ambao ndo mama wa hoja hiyo, unaotenganisha kuchelewa kwa kweli na kuchelewa kwa mtu ambaye rufaa yake ya mwanzo iliingia kwa wakati ikaondolewa kwa kasoro. Miezi sita yote, kwa aya mbili, ikasamehewa.

Halafu akaja kwenye siku nne. Hapo akatoa vipimo vya kuongezewa muda vya kesi ya Lyamuya, maombi ya madai namba 2 ya 2010, ambavyo kila karani wa wakili nchi hii anavijua hata usingizini: ueleze muda wote uliochelewa, uchelewaji usiwe wa kupitiliza, uonyeshe bidii na sio uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito kama uharamu kwenye uamuzi unaoupinga uiseme. Kipimo cha kwanza ndo kinaua watu. Mahakama ya Rufani imesharudia mara nyingi sana kwamba hata kuchelewa siku moja lazima kuelezwe, la sivyo kuweka ukomo hakuna maana. Siku nne zikatafutwa kwenye kiapo, hazikuonekana, maombi yakatupwa.

Watu wengi wanaingia mahakamani wakidhani kuchelewa kunapimwa kwa mzani, kwamba ukichelewa sana ni kosa kubwa na ukichelewa kidogo ni kosa dogo. Mi kwa niliyoyaona kwenye kazi hii, ni kama uzio wa miiba unaozuia mbuzi, hauangaliwi urefu wake, unaangaliwa kama kuna sehemu iliyoachwa wazi. Ukiwa na uzio wa miezi sita umeshikana vizuri unapita. Ukiwa na uzio wa siku kumi na sita na tundu la siku nne, mbuzi wote wametoka.

Baada ya hapo ndo walikuja ofisini kwetu. Bibi akaingia akasalimia kigogo, mbukwa, mi ni mtu wa Singida lakini nikaitika, akakaa, akafungua mfuko wa rambo akatoa karatasi zote, na ile nakala halisi ya uamuzi ikiwemo. Wakili akaigeuza tu, sijui kwa nini, mazoea nadhani, akauona muhuri mgongoni. Akaninyooshea bila kusema kitu.

Tukawa na siku 45 za rufaa, safari hii kwa haki kabisa. Sitawadanganya kwamba sisi tulikuwa watakatifu. Hati ya rufaa ilikamilika siku ya 43, wakili akaniachia niipandishe kwenye mfumo, mi nikaenda kula kwanza, intaneti ikagoma, nikaja kuipandisha saa 3 usiku, kontroli namba ikatoka, kwenye M-Pesa hela haitoshi, nikalipia asubuhi siku ya 44. Wakili alivyosikia nimelipia asubuhi alinifokea mbele za watu mpaka nikatamani kazi ya kuuza ubuyu stendi. Alikuwa na haki. Kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya kielektroniki za 2018 zinasema ukiwasilisha kabla ya saa 6 usiku unahesabika umewasilisha siku hiyo, ila zamani hesabu ilikuwa tarehe ya risiti ya ada na mpaka leo kuna mawakili wanakuja na pingamizi kwamba bila kulipa hujafungua kitu. Kwetu ilikuwa siku ya 43 au ya 44, zote ndani. Ingekuwa ya 45 saa 3 usiku sasa hivi ningekuwa naandika kisa kingine kabisa.

Mahakama Kuu wakili wetu alipigana. Akasema Katiba ibara ya 107A inataka haki itendwe bila kufungwa sana na masharti ya kiufundi, akaongeza kile kifungu cha 3A cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kilichoingizwa 2018, kwamba lengo kuu ni kumaliza mashauri kwa haki na haraka na kwa gharama nafuu. Kijana nyuma yangu alikuwa anatikisa kichwa kama yuko kanisani. Jaji akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "muhuri wa tarehe 13 uko wapi kwenye kumbukumbu za Baraza?" Haupo. Wakili akasema nakala halisi ninayo hapa mkononi, naomba niionyeshe. Wa upande wa pili akasimama, na bila hata kuangalia kitabu akasema maneno ya wakili akiwa amesimama mahakamani sio ushahidi, na mahakama ya rufaa inaangalia kilichokuwepo chini, haipokei vipya hivi hivi.

Hukumu ilikuja ndani ya muda, rufaa imekataliwa, kila mtu abebe gharama zake. Ukomo sio urembo wa kiufundi, unagusa mamlaka ya mahakama yenyewe kusikiliza, na lengo kuu halikuwekwa kufufua vilivyopitwa na wakati. Kuhusu muhuri, jaji alisema kwa upole kabisa kwamba karatasi iliyokuwa mikononi mwa mwombaji muda wote haiwezi kuitwa ushahidi mpya. Hilo lilitufungia pia njia ya mapitio, yaani kuomba mahakama ile ile iangalie upya hukumu yake, kwa sababu unapoomba mapitio kwa hoja ya ushahidi mpya lazima uonyeshe hukuweza kuupata kwa bidii zote, na huu ulikuwa kwenye mfuko wa rambo Hombolo.

Je ni haki? Nimebishana na watu wengi. Kijana anasema mama yake kaporwa na kalenda. Mi nilikuwa upande wake mpaka siku nilipokutana na yule mtu wa mjini kwenye foleni ya masijala, akaniambia, kaka, mi nimenunua kwa hela yangu, kuna karatasi ya serikali ya kijiji, nimepanda, nimeweka mbolea ya samadi malori mawili, na kila nikitaka kuvuna naletewa samansi. Hajui kama shamba ni lake kweli, na mwaka wa pili huo unaisha. Ukomo upo kwa ajili yake pia. Siwezi kusema hana haki ya kulala. Ila siwezi pia kusema bibi amesikilizwa, kwa sababu hajasikilizwa.

Na kama unafikiri bibi afungue shauri jipya kwa kuwa madai ya ardhi yana miaka 12, tuliliangalia. Sheria ya Mwenendo wa Madai, ambayo Mabaraza huiazima pale kanuni zao zisipotosha, inasema shauri likifutwa kwa mdai kutofika huku mdaiwa yupo, huwezi kufungua tena kwa madai yale yale, unachoweza ni kuomba amri iondolewe. Kama siku ile wote wawili wasingefika, angefungua upya bila shida. Yaani kama lile tairi lingepasuka na yule bwana naye angepitiwa na usingizi, leo bibi angekuwa na kesi. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, akauliza kama yule bwana alikuja na gari lake mwenyewe. Nikasema ndio. Akasema, "basi."

Familia imeamua kwenda Mahakama ya Rufani. Wakili anaona kuna hoja ya kisheria kwamba Baraza lilipaswa kuanza na kipimo cha bidii kwa ujumla badala ya kuzihesabu siku nne peke yake, mi nimekaa kimya, kazi yangu ni siku. Taarifa ya rufaa iingie ndani ya siku 30 tangu hukumu, tumeingiza siku ya 6. Nakala yake mwenzako apewe ndani ya siku 14 tangu uiingize, tumempa siku ya pili yake na kasaini. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyofanyika mahakamani, lazima nayo iandikwe ndani ya siku 30 na mwenzako apelekewe nakala, ukisahau hiyo nakala hata mwenendo ukichelewa mwaka mzima hupati nafuu ya cheti cha ucheleweshaji, kile kinachotoa siku za kusubiri mwenendo kwenye hesabu, na zile siku 60 za kuleta kumbukumbu za rufaa zinakuhesabia tu. Tumempelekea. Kila karatasi niliyorudi nayo nimetoa fotokopi mbele na nyuma, hata migongo isiyo na kitu, mtoa kopi akaniuliza kaka hizi tupu za nini, nikamwambia toa tu.

Juzi bibi alikuja na ndoo ndogo ya zabibu za ofisi, alikuwa ametoka shambani kwenye ile heka moja na nusu aliyobaki nayo. Akaweka mezani, akaangalia kalenda yenye duara nyekundu, akaniuliza, "mjukuu wangu, huko Rufani wanaita jina mara ngapi mlangoni?"